Soya ya Ruvuma jikoni kwangu

Kwetu Ruvuma soya haikuwahi kuwa mboga. Ililimwa, ikavunwa, ikapurwa, ikatiwa kwenye magunia na kuuzwa. Ile iliyobaki nyumbani ilikaangwa mpaka ibadilike rangi, ikasagwa pamoja na mahindi na karanga, ikawa unga wa lishe. Uji wake tuliunywa tukiwa wadogo. Tulipokua tuliuacha, maana uji wa lishe ni wa watoto na wazazi waliotoka kujifungua. Hakuna aliyewahi kunionyesha kwamba punje ileile inaweza kukaa kwenye sahani pembeni ya wali.

Kwaresima ndiyo iliyonisukuma. Ijumaa bila nyama, nyumba nzima imeshachoka na maharage, na samaki wa hapa Dar es Salaam bei yake inapanda kila ninapoenda sokoni. Tofu, yaani maziwa ya soya yaliyogandishwa na kukandamizwa yakawa bonge, ipo kwenye friji za supamaketi, ndani ya pakiti yenye maji, lakini kwa bei ile huwezi kuifanya mboga ya familia. Soya kavu mama hunitumia kwa basi. Basi nikaamua kujifunza kuitengeneza mwenyewe, na tangu hapo Jumamosi zangu zimebadilika.

Naloweka robo kilo usiku. Asubuhi punje zimevimba zaidi ya maradufu, na ukiipasua moja, uso wake wa ndani unakuwa bapa, hauna kishimo katikati. Hapo iko tayari kusagwa. Kwenye blenda natia maji ya moto. Hili natamani kila mtu alijue: ile harufu ya maharage mabichi inayowafanya watu waikimbie soya inaletwa na kimeng'enya kilichomo ndani ya punje, ambacho huanza kazi pale punje inapovunjwa. Maji ya moto hukizima mapema. Ukisaga kwa maji ya baridi, harufu inaingia kwenye maziwa na hata pilipili haiiondoi. Maji yote, ya kusagia na ya kuchujia, hufika kama lita mbili.

Kuchuja si kugeni kwa mikono iliyozoea nazi. Unamimina kwenye kitambaa cheupe cha pamba, unakusanya pembe, unakamua kama tui mpaka machicha yabaki makavu. Kisha maziwa yanapanda jikoni kwenye sufuria kubwa, moto wa wastani, na mwiko usitoke mkononi, kwa sababu povu lake hupanda ghafla. Kuchemsha huku si kwa ajili ya ladha peke yake. Soya mbichi ina vitu vinavyolizuia tumbo kumeng'enya protini, na moto ndio unaovivunja nguvu. Mimi huyaacha yachemke taratibu kwa dakika 15.

Nikishaepua, nasubiri joto lishuke kidogo, ndipo natia ndimu. Robo kikombe, iliyoongezwa maji kiasi hichohicho, naimimina kwa awamu, nakoroga polepole, naacha. Hapo huwaita watoto waje waone. Maziwa yanakatika, mabonge meupe yanajikusanya, na katikati yake yanatokea maji ya njano yaliyo angavu. China hutumia jasi, aina ya madini meupe, kugandishia; Japani hutumia nigari, ile chumvi chungu inayobaki maji ya bahari yakishatolewa chumvi ya kula. Ndimu huacha uchachu kidogo, nami naupenda. Mabonge yanahamia kwenye chujio lililotandikwa kitambaa, juu yake sufuria yenye maji ya kukandamiza, na baada ya saa moja hivi ninayo tofu ngumu ya kukatika kwa kisu.

Kupika ndiko kulikonichukua muda zaidi kuelewa. Karibu kila aliyenieleza habari za tofu aliitambulisha kama nyama ya wasiokula nyama, na nadhani maelezo hayo yanaionea. Mtu anaitia mdomoni akitafuta nyama, haioni, anaweka kijiko chini. Wachina wamekula tofu kwa zaidi ya miaka 1,000, na moja ya mapishi yake mashuhuri, mapo tofu ya jiji la Chengdu, hupikwa pamoja na nyama ya kusaga na pilipili nyingi. Kwa hiyo kwa wenyewe haikuwekwa mezani ili kujaza nafasi ya kitu kingine. Ni chakula kinachojitegemea, chenye ulaini wake, na kazi ya mpishi ni kukipa ladha.

Nilipoacha kutafuta nyama, mapishi yakaanza kukubali. Tofu imejaa maji, na penye maji viungo haviingii. Naikata vipande vinene, nailoweka kwenye maji ya moto yenye chumvi kwa robo saa, natoa, nakausha kwa taulo safi. Inaonekana ajabu kuondoa maji kwa maji, lakini chumvi huvuta unyevu nje na vipande vinakaza. Kisha kitunguu saumu, tangawizi na ndimu, napaka unga wa sembe kidogo, nakaanga mpaka upande mmoja uwe wa dhahabu kabla sijaugusa. Ukigeuza mapema inachanika na kushika sufuria.

Mchuzi napika pembeni: kitunguu, nyanya, manjano, bizari nyembamba, tui la pili kwanza, halafu tui zito mwishoni. Vipande vinaingia dakika chache kabla ya kuepua, ili vinywe mchuzi bila kupoteza ukoko wake. Kwa wali, ni mboga ninayoweza kumpa mgeni yeyote. Kwa ugali, naipenda zaidi ikiwa imevurugwa kwa mkono na kupikwa na mchicha wa karanga.

Mama alipokuja kututembelea nilimpikia siku ya pili. Alikula kimya, kisha akauliza, "Hii ni soya ile niliyokutumia?"

"Ndiyo, mama."

"Mbona hainuki?"

Nikamweleza habari ya maji ya moto. Akataka kuona kila kitu tangu mwanzo, na Jumamosi tukatengeneza pamoja. Alipoona bakuli la machicha akanikazia macho: "Na haya unayapeleka wapi, mwanangu?" Akayachukua, akatia kitunguu, pilipili, giligilani na unga kidogo, akakaanga bagia. Zilikuwa nzuri kuliko za dengu ninazonunua, na sasa ndizo zinazoliwa kwanza nyumbani kwangu.

Tuliongea sana siku ile. Mwaka 2020 China ilifungua soko lake kwa soya ya Tanzania, na mimi nafurahia kila shilingi inayomfikia mkulima, kwa sababu soya imelipa ada zetu. Ila inaniuma kuona zao lenye protini inayokaribia asilimia 40 likipita mbele ya nyumba zetu kwenda sokoni, huku ndani watu wanakula ugali na majani. Gunia liuzwe. Debe moja libaki, na mama wa nyumba ajue la kulifanyia.

Mama amesharudi Ruvuma. Blenda hana, anatwanga kwenye kinu soya iliyolowekwa, kisha anaichanganya na maji ya moto. Jana alinipigia kuniambia kwamba kwa kinu inachosha na maziwa yanatoka machache, lakini yanaganda vizuri. Aliniomba nimtumie vitambaa viwili vya kuchujia kwa basi la kesho, kwa kuwa kile nilichompa kimeazimwa na jirani na bado anakihitaji.