Saa ya Mpingo

Mwaka wa mwisho chuoni tulipewa kazi: chagua hadithi fupi, uitengenezee dakika moja ya mwanzo wa filamu, pale majina yanapopita kabla mambo hayajaanza. Wenzangu wengi walikimbilia mapigano. Mimi nikamchukua Edgar Allan Poe na The Masque of the Red Death, hadithi yake ya mwaka 1842. Mwana mfalme Prospero anajifungia ndani na wageni 1,000 huku nje tauni inafyeka watu, na humo ndani wanacheza ngoma.

Kilichonivuta ni vyumba. Viko saba: cha buluu, cha zambarau, cha kijani, cha rangi ya chungwa, cheupe, cha urujuani, na cha mwisho cheusi chenye vioo vyekundu kama damu. Ndani hamna taa hata moja. Moto unawaka kwenye ushoroba, nyuma ya vioo, na rangi ndiyo inayoingia. Nusu ya kazi Poe alikuwa ameshanifanyia.

Mwalimu alikuwa ametuonyesha jinsi Saul Bass, mbunifu wa mianzo ya filamu, alivyotumia umbo la mkono uliopindapinda mwaka 1955 kufungulia filamu The Man with the Golden Arm, nami nikaona karatasi inatosha. Nilikata watu kwa wembe kutoka manila nyeusi, nikanunua Kariakoo nailoni za rangi za kufungia zawadi, nikazibandika kwenye maboksi yenye madirisha. Tochi nyuma, simu mbele. Picha 12 kwa kila sekunde, na kila picha mtu anasogezwa upana wa punje ya mchele. Simu nayo ikawa inajipangia mwanga yenyewe, chumba kinapepesa ovyo, mpaka nilipoufunga mwanga usibadilike.

Usiku mmoja mama aliingia kutafuta mkasi wake.

“Hawa wanakwenda wapi?”

“Karamuni, mama.”

“Karamu gani watu hawana hata sahani?”

Ndani ya hadithi kuna saa ya mpingo. Ikigonga, wapiga muziki wananyamaza na wachezaji wanasimama. Ikiisha, wanacheka kwa haya na kuendelea. Kwangu mimi hofu yote iko hapo. Kile Kifo, yaani tauni yenyewe inayoingia baadaye kwa umbo la mtu, ni mgeni aliyechelewa tu. Kwa hiyo niliamua majina yatokee wakati saa inagonga pekee, ngoma ikiwa imesimama. Mlio niliupata kwa kugonga sufuria yenye maji nusu huku nikiiinamisha, sauti ikapinda, kisha nikaipunguza kasi kwenye kompyuta.

Mwalimu alitaka fuvu. “Watu watajuaje kwamba inatisha?” Nikamwomba asubiri saa igonge.

Siku ya kuonyesha, lilipolia pigo la tatu, jamaa aliyekuwa akitafuna karanga nyuma ya darasa akaacha kutafuna. Nilimsikia akiacha. Alama nilipata nzuri, ila pembeni mwalimu aliandika kwa kalamu nyekundu: “Na fuvu je?”