Msitupe risiti za CVS

Jamani mnaonunua CVS, yale maduka ya dawa na vitu vya nyumbani hapa Marekani, ile risiti ndefu kama mkanda msiitupe, kuponi za punguzo zimo humo! Leo nimechukua pampasi za mwanangu na dawa ya meno, jumla dola 31. Kwenye pampasi nikatoa kuponi ya duka pamoja na ya kampuni inayozitengeneza, maana zote mbili hupokelewa kwa bidhaa moja. Halafu nikamalizia na ExtraBucks nilizokuwa nimejiwekea, yaani zile zawadi za CVS unazotumia kama hela humo humo dukani. Nimelipa dola 14! Nimefurahi mno, hela ya maziwa imebaki. Kadi ya ExtraCare, ile ya uanachama wa CVS, ni bure, ukishajiandikisha unataja namba ya simu tu kaunta. Ila tarehe ziangalieni, ExtraBucks zina mwisho wake. Mimi zangu nazibana na sumaku mlangoni mwa friji.