Nilikwenda Kyoto Kuwaona Wanaokufa

Utotoni, kanuni yetu ya video ilikuwa moja: steringi hafi. Wale vijana wa adui waliokuwa wakianguka kumi kumi, nani aliyejali majina yao? Novemba 2024 nikapanda tramu ya Randen kutoka Shijo-Omiya hadi Uzumasa, magharibi mwa Kyoto, kwa ajili ya hao hao.

Mwigizaji wa aina hiyo Wajapani wanamwita kirareyaku, yaani mwigizaji wa kukatwa panga. Bingwa wao alikuwa Seizo Fukumoto, aliyeingia kampuni ya filamu ya Toei akiwa na miaka 15. Inasemekana alikufa mbele ya kamera mara 50,000. Kama uliangalia The Last Samurai, ndiye yule mzee asiyesema neno, anayemfuata Tom Cruise kama kivuli.

Usiku wa kuamkia siku hiyo nilikuwa sinema, nikiangalia A Samurai in Time. Samurai wa Aizu anapigwa na radi, anazindukia zama hizi, katika studio ya filamu za samurai, na kwa kuwa hana ujuzi mwingine, anageuka kirareyaku. Kijapani changu ni cha kuombea maji, lakini nilicheka na ukumbi mzima. Mwongozaji wake, Junichi Yasuda, ni mkulima wa mpunga. Alitumia yeni milioni 26, na gari lake akaliuza. Dada anayeigiza msaidizi wa mwongozaji ndiye aliyekuwa msaidizi wa kweli! Toei waliipenda hadithi, wakamfungulia milango ya studio. Mwezi Agosti filamu ilianza kwenye ukumbi mmoja tu Tokyo. Nilipoikuta mimi ilishafika kumbi zaidi ya 300. Fukumoto alikuwa amepangiwa nafasi humo, lakini alifariki Januari 2021.

Kijiji cha filamu cha Toei kipo Uzumasa tangu 1975: mitaa ya mbao ya enzi za Edo, zama za samurai, madaraja, maduka ambayo ukichungulia nyuma unakuta mengine ni ukuta mtupu. Nilipita haraka. Nilifuata onyesho la mapanga.

Steringi alikuwa mtanashati, sawa. Macho yangu yalikuwa kwa jamaa mnene kidogo wa kulia. Alipokatwa hakuanguka upesi. Alisimama kwa ncha za vidole, mgongo ukapinda nyuma kama kamba aliyechemshwa, kichwa karibu kifike sakafuni, ndipo akaporomoka. Mpindo huo ndio uliompa Fukumoto jina. Na hapo ndipo nilipoelewa: pigo la steringi halina uzito mpaka mwingine aubebe kwa mgongo wake.

Baada ya onyesho nilimwomba nishike upanga wake. Mianzi iliyovishwa karatasi ya rangi ya fedha, imebanduka karibu na mpini, nyepesi kama mwiko. Shingoni mwake vumbi limegandamana na jasho.

“Leo umekufa mara ngapi, bwana?” nilimuuliza kwa Kijapani changu kibovu.

Akaonyesha vidole viwili, akatazama saa ukutani, akaongeza cha tatu. Kisha akainama, akachukua upanga wake, akarudi nyuma ya pazia.