Kutoka Kurusha Mpira hadi Kuchezesha Kriketi: Uzoefu Wangu

Nilipoacha kucheza kriketi nikiwa mrushaji wa mpira, niliingia katika kazi ya mwamuzi wa mechi kwa kuvutiwa na Kumar Dharmasena, aliyekuwemo katika kikosi cha Sri Lanka kilichotwaa Kombe la Dunia mwaka 1996 na kisha, mwaka 2015, akaichezesha fainali ya mashindano hayohayo mjini Melbourne, akiwa mtu wa kwanza kufanya yote mawili.

Uzoefu wa kurusha ulinifaa, kwa kuwa nilijua namna mpira unavyopinda hewani na unavyobadili mwelekeo baada ya kudunda. Hata hivyo, macho ya mrushaji yamezoea kutafuta wiketi, yaani kumtoa mpigaji mchezoni, ilhali mwamuzi hapaswi kutafuta chochote, na kuondokana na mazoea hayo kulikuwa kugumu kuliko kukariri sheria zote 42.

Nilihangaika zaidi na Sheria ya 36, inayohusu mpira unaozuiwa na mwili wa mpigaji mbele ya wiketi, hapa ikimaanisha vile vijiti vitatu anavyovilinda. Kwa muda mrefu nilisimama nyuma ya warushaji katika mazoezi ya nyavuni, nikijiuliza maswali yaleyale kwa mpangilio uleule: Je, mrushaji alikanyaga kihalali? Mpira ulidunda nje ya vijiti, upande wa nyuma ya miguu ya mpigaji? Ukidunda huko, hatoki, hata kama ulikuwa ukielekea katikati ya wiketi. Uligusa gongo kwanza? Ulimpata akiwa mbele ya vijiti, au nje upande wa pili bila kujaribu kwa dhati kuupiga? Mwisho kabisa, usingezuiwa, ungeigonga wiketi? Jibu moja tu likiwa na shaka, mpigaji anabaki.

Maswali hayo yanahitaji utulivu, kwani macho hutoka kwenye mguu wa mrushaji hadi kwa mpigaji, umbali wa takriban mita 20, chini ya sekunde moja. Nilijifunza kutuliza kichwa, kuyaacha macho yafanye kazi, na kutoinua kidole, ishara ya kumtoa mpigaji, kabla ya kuupitia upya mpira wote akilini. Ninaamini kusubiri huko ndiko kunakomtenganisha mwamuzi na mchezaji wa zamani aliyevaa koti jeupe.

Sasa ninachezesha mechi za ligi, na kabla ya kila mchezo bado ninakwenda nyavuni kuwatazama warushaji wa pande zote mbili, hasa mahali wanapokanyaga.