Usiku mmoja wa mvua ndani ya msimbo

Jamani leo nimefurahi mpaka basi.

Nilikuwa natafuta makala ya mbu wa malaria, tovuti ya kwanza wanataka dola 35 nisome kurasa chache tu, mwanafunzi nazitoa wapi. Nikahamia jarida la Malaria Journal, hawa tangu 2002 yeyote anasoma bure, nikapata makala na waandishi wameweka data na msimbo wao wa R (maagizo ya kompyuta waliyoandika kuchambua data) palepale.

R nayo ni programu ya takwimu, huria tangu 1995, yeyote anaitumia bure. Nikauendesha kwenye laptopu yangu, grafu ikatoka ileile!

Ila kilichonigusa ni mstari mmoja ndani ya huo msimbo, mtu kaandika kwamba usiku fulani kautoa kwenye hesabu kwa sababu mtego wa mbu ulilowa mvua. Makala haina nafasi ya vitu vidogo hivyo, bila msimbo ningejuaje?

Nyie mnaofanya utafiti, msimbo wenu mnauweka wapi? Nitupieni linki hapa.