Tafakari ya Ijumaa: Bwana harusi na maneno yake machache

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh, ndugu zangu.

Mfungo Mosi umeingia na kadi zimeanza kumiminika. Hapa Mombasa, kutoka Kibokoni hadi Kisauni, baada ya Isha utasikia vipaza sauti vya nikahi. Waarabu wa zama za ujahili waliuona mwezi huu wa Shawwal una nuksi kwa ndoa. Bibi Aisha, Allah amridhie, aliwajibu kuwa Mtume (s.a.w.) alimuoa Shawwal na akaingia kwake Shawwal, na ni mke gani aliyekuwa na bahati kwa Mtume kumshinda yeye? Basi leo nasema na mabwana harusi.

Kijana wangu, jua mapema kuwa siku ile utaamrishwa na kila mtu. Mama na mashangazi wana mipango yao, ami yako anapanga magari, rafiki zako wanabishana njia. Utavishwa kanzu, joho na kilemba katika joto hili letu, na jasho litakutiririka mgongoni kabla hujafika mlango wa msikiti. Usigombane na mtu. Ukiulizwa maua ya gari yawe rangi gani, taja yoyote. Hayo yana wenyewe. Yako wewe ni machache, na hayo machache hakuna wa kukufanyia.

La kwanza ni mahari. Allah anasema katika Suratun Nisaa, aya ya 4: wapeni wanawake mahari yao hali ya kuwa ni kipawa. Ni mali ya mke mwenyewe. Kilemba cha baba, mkaja wa mama, kifungua mlango, yote ni mila zetu na zina ladha yake, lakini zisiyale mahari. Sahaba mmoja asiyekuwa na kitu aliambiwa na Mtume atafute japo pete ya chuma. Alipoikosa, aliozwa kwa Qur'ani aliyoihifadhi. Sasa leo unamkuta kijana amekopa kwa ajili ya jukwaa la ukumbi wa wanawake, maua hadi darini, na mahari ya watu anasema yatakuja. Yatakuja lini? Mahari ya muakhari, yaani ya kulipwa baadaye, yanajuzu, sikatai, lakini ni deni kama madeni mengine. Ukifa hujalipa, yatatolewa katika mirathi yako kabla wanao hawajagawiwa.

La pili ni pale msikitini. Umekaa kitako mbele ya walii, yaani anayemuozesha bibi harusi, magoti yanakaribia kugusana, mashahidi wawili pembeni, na bibi harusi ameshaulizwa idhini yake huko nyumbani. Sheikh anaanza khutba ya nikahi, na aghlabu bwana harusi haisikii hata kidogo, maana anarudia moyoni jibu lake asije akakosea. Isikilize. Zinasomwa aya za mahali patatu: Aali Imran 102, aya ya mwanzo ya An-Nisaa, na Al-Ahzab 70 na 71. Kote kuna amri ile ile, mcheni Allah. Ile ya Al-Ahzab ikaongeza: na semeni maneno ya sawasawa. Tazama anasomewa nani! Anasomewa mtu ambaye punde tu atatamka jambo litakalomhalalishia asiyekuwa halali kwake, na kumbebesha chakula chake, nguo zake, nyumba yake na heshima yake. Allah ameliita hilo, katika aya ya 21 ya An-Nisaa, ahadi nzito.

Walii anakushika mkono: "Nimekuoza binti yangu fulani kwa mahari tuliyokubaliana." Nawe papo hapo: "Nimekubali kumuoa kwa mahari hayo." Kwa madhehebu yetu ya Shafii kabuli (jibu lako) haitaki mwanya mrefu baada ya ijabu (tamko la walii), wala maneno ya kando kuingia katikati. Kiswahili kinatosha, hulazimiki kutamka Kiarabu usichokielewa. Sauti ikikukwama wazee watacheka, nao yaliwapata. Sheikh akikurudisha mara ya pili na ya tatu usitishike, ni hadhari tu.

Halafu cheti. Kwa Sheria ya Ndoa ya Kenya ya mwaka 2014, kadhi, sheikh au imamu aliyeidhinishwa huandika nikahi, hutoa cheti na kuwasilisha kumbukumbu kwa Msajili. Soma kiwango cha mahari kilichoandikwa kabla hujatia sahihi, hata kama halwa na kahawa zimeshaanza kuzunguka na watu wanakuvuta mkono.

Sasa unakwenda kumpa mkono mkeo. Mlango utaukuta umefungwa makusudi, na nyuma yake mashangazi wanadai kifungua mlango. Weka noti tayari mfukoni mwa kanzu, na toa kwa ucheko. Ndani ni buibui, udi, vigelegele na simu zimeinuliwa juu. Hapo ndipo pana sunna ambayo naona inapotea kwa kasi. Katika hadithi ya Abdullah bin Amr, aliyoipokea Abu Daud, mtu akioa ashike utosi wa mbele wa mkewe, ataje jina la Allah na aombe: *Allahumma inni as-aluka khayraha wa khayra ma jabaltaha alayhi, wa audhu bika min sharriha wa sharri ma jabaltaha alayhi.* Ewe Allah, nakuomba kheri yake na kheri ya tabia uliyomuumba nayo, na najikinga kwako na shari yake na shari ya tabia uliyomuumba nayo.

Ihifadhi wiki nzima kabla, usiisome kwenye simu. Nimeona bwana harusi ameshaweka mkono, mpiga picha anamwambia "tazama huku, rudia tena," na dua ikaishia katikati. Mpiga picha anaweza kusubiri nusu dakika. Na unapojikinga na shari yake, usisahau kuwa mbele yako yuko mtu aliyepewa mume mwenye shari zake pia.

Mtazame vizuri. Huenda ameamka tangu alfajiri, amekaa kupambwa masaa, shingo imechoka kwa dhahabu, na hajatia kitu kinywani asije akaharibu rangi ya mdomo. Muulize kama amekula. Asmaa binti Yazid, aliyempamba Bibi Aisha siku yake, amesimulia kuwa Mtume alikuja akakaa ubavuni pake, akaletewa bakuli kubwa la maziwa, akanywa, kisha akampa yeye. Bibi Aisha akainamisha kichwa kwa haya. Asmaa akamkaripia: chukua kutoka mkono wa Mtume! Akachukua, akanywa kidogo. Mume wa kwetu anayejua tu kupanga msafara wa magari na hajui kumshikia mkewe gilasi ya maji, sijui alichofundwa ni nini.

Mkibaki wawili, salini rakaa mbili. Imepokewa kwa baadhi ya masahaba. Na alfajiri ya kesho yake ni fardhi kama alfajiri nyingine.

Walima, karamu ya harusi, sitaurefusha. Abdurrahman bin Awf alioa kwa uzito wa kokwa ya tende wa dhahabu, Mtume akamwambia afanye walima japo kwa mbuzi mmoja. Na hadithi ya Abu Huraira inasema chakula kibaya kabisa ni cha walima wanaoitiwa matajiri na kuachwa maskini. Basi ukihesabu sahani, mhesabu na mzee anayefagia msikiti ulimooa, na vijana wa mkokoteni waliobeba viti.

Nasi tunaokwenda harusini tuna wajibu wetu. Zama za ujahili watu walipongezana kwa kuombeana maelewano na watoto wa kiume. Mtume akabadilisha, akafundisha: *Barakallahu laka, wa baraka alayka, wa jama'a baynakuma fi khayr.* Allah akubariki, akuteremshie baraka, na awakutanishe nyote wawili katika kheri. Tumwambie hivyo bwana harusi, na tumwambie kabla hatujamuuliza biriani inapakuliwa wapi.