Tortila za Kuviringisha Zilizookwa Hadi Zikakauka

Kinachoharibu tortila (mikate myembamba bapa inayoviringishwa ikiwa na mchanganyiko ndani) za kuokwa mara nyingi si moto wa oveni, bali ni maji yaliyobaki katika mchanganyiko wa ndani. Ndiyo maana mimi hukaanga kitunguu, kitunguu saumu na bizari ya pilau iliyosagwa, nikatia kuku aliyechemshwa na kuchambuliwa nyuzi nyuzi, kisha nikaendelea kukoroga mpaka sufuria isitoe mchuzi wowote ninapoiinamisha. Jibini huitia mchanganyiko ukishapoa.

Tortila za mahindi, ambazo asili yake ni Meksiko, hupasuka zikikunjwa baridi. Nilipoteza nyingi kabla sijazoea kuzifunika kwa kitambaa chenye unyevu na kuzipasha moto kidogo, hadi zikalegea kama chapati iliyotoka kwenye kikaango. Hapo huweka vijiko viwili vya mchanganyiko karibu na ukingo, nikaviringisha kwa kubana, na kuilaza kila moja ule mshono ukiwa chini ili isifunguke.

Huzipaka mafuta kwa brashi pande zote, hasa kwenye ncha, nikaziacha nafasi kati yake, kwa sababu zikibanana hutoa mvuke na kulainika. Kwa nyuzi 220 za Selisiasi, dakika 15 hadi 20 hutosha, nikizigeuza mara moja katikati. Zikiwa tayari, ukigonga ganda kwa kucha husikia mlio mkavu, nazo ncha huwa za hudhurungi. Huzipoza juu ya waya, wala sizifuniki kamwe.